Dumu Moja, Mashamba Matatu

Nani bado anatafuna? Ateme au ameze, nimeanza. Leo sina sungura wala fisi. Nina watu watatu na dumu moja la dizeli, nina hasira na dunia nzima, na mkinijibu ovyo mwishoni nitakuwa na hasira nanyi pia.

Watu hao walilima vitunguu bonde la Lukwesa, mashamba yamepakana, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Wa kwanza, jina lake Sikujua, alipewa pua. Mwanamke huyu ukimpikia maharage, kabla hajafika mlangoni anajua kama yaliungua ukaongeza maji kuficha. Ukimuuzia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, anafungua kifuniko, ananusa mara moja, anakurudishia mali yako na matusi juu yake.

Chiduo alipewa mdomo. Asubuhi redio, mchana redio, na akimaliza kusikiliza anakuhubiria wewe. Nani kamtishia nani, meli zipi zimezuiwa wapi, yote anayo. Watu walimcheka, lakini akianza kusema hakuna aliyeondoka.

Mwegelo alipewa mikono. Maneno hana, ukimsalimia anaitika kwa kichwa. Ila pampu ikigoma, anaipapasa kama mama anayempima mtoto homa, nayo inakohoa, inawaka.

Pampu yenyewe waliinunua kwa pamoja, ya kupandishia maji kutoka mtoni. Wakawekeana sharti: mwenye kuleta mafuta ndiye anayemwagilia kwanza. Sharti zuri tu, mpaka wakubwa walipoanza kupigana.

Huko mbali, kwa watu wasiojua hata Lukwesa iko upande gani wa jua, wenye suti zao walinuniana, kisha wakarushiana mabomu. Meli zikasimama. Dizeli ikapanda. Ikapanda tena. Sikujua akauliza, "Hivi mimi nimemkosea nani huko?" Chiduo akamjibu mpaka ugali ukapoa, lakini jibu lenyewe Sikujua hakulisikia.

Na jua nalo likashika. Vitunguu ndiyo kwanza vilikuwa vinatia vichwa, vinadai maji. Mwenye ardhi, mzee Lwimbo, alikuwa na neno lake la kila msimu: "Shamba likikauka, hata upande mmoja, nampa mwingine." Hakuwa anatania. Msimu uliopita alimwondoa jirani yao Mkwawi, na sasa Mkwawi anapalilia kwa kibarua shamba lilelile lililokuwa lake. Sikujua alimwona kila asubuhi ameinama pale.

Basi wakakubaliana kwenda mjini. Chiduo akachukua dumu lake, Mwegelo lake. Sikujua akawakemea: "Madumu matatu ya nini? Si tuna pampu moja? Pampu moja, dumu moja. Tumeanza lini kununua kila mtu kivyake?" Wakacheka, wakayaacha mawili kibandani. Likumbukeni hilo.

Walipofika sheli, nayo ni moja tu mji mzima, pampu zimezungushiwa kamba. Mwenye sheli, Kasembe, amekaa kwenye kiti cha plastiki anachokonoa meno. "Mafuta hakuna, ndugu zangu. Vita hivyo." Bodaboda wamejaa uwanja mzima, wamenuna. Kila mtu alijua kesho yake bei mpya inatangazwa, na kila mtu alijua sheli huwa zinakauka siku gani. Lakini kujua siyo kuthibitisha.

Sikujua akavuta pumzi. Akawaacha watu, akazunguka nyuma, kwenye ghala lenye maandishi MASHUDU YA ALIZETI. Akaweka pua kwenye upenyo wa mlango. Akarudi mbio. "Yamo humo," akasema. "Dizeli na petroli, mapipa kwa mapipa. Mashudu hamna hata kiganja. Mshenzi huyu!"

Chiduo akapanda juu ya tofali. "Jamani! Nisikilizeni! Meli zimezuiwa juzi. Mafuta yaliyomo humu yaliingia lini? Yaliingia kabla bomu la kwanza halijaanguka! Watoto wa watu wanakufa huko, na huyu hapa kakaa anachokonoa meno, anasubiri kutuuzia vifo vyao!" Uwanja ukanguruma. Kasembe akasema, "Msimsikilize huyo mlevi," lakini sauti yake haikufika popote. Walimbeba na kiti chake mpaka mlango wa ghala, naye akazitazama zile nyuso, akatoa ufunguo.

Watu wakaingia na nondo na nyundo, maana vifuniko vilikuwa vimekazwa. Dereva mmoja wa bodaboda alishainua nyundo juu ya pipa la petroli, sigara inawaka mdomoni. Mwegelo akaikwapua ile sigara, akaifinya kwa vidole vyake mwenyewe mpaka ikazima. "Chuma kwa chuma humu, tunazikwa wote," akasema, na Sikujua hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Akaviringisha tambara kwenye kipande cha gogo, akagonga taratibu, akazungusha, pipa likafunguka. Akafungua jingine, na jingine. Siku ile hakuna aliyeungua isipokuwa yeye.

Wakajaza dumu. Sikujua, kwa kuwa si mwizi, akaweka pesa kwenye kile kiti cha plastiki, bei ya zamani. Mara filimbi za polisi, mara moshi wa kutoa machozi, watu wakatimua mbio. Sheli ikafungwa kwa minyororo mpaka uchunguzi ukamilike, na uchunguzi wa kwetu mnaujua.

Asubuhi dumu likawekwa kwenye tuta. Wakalitazama. Hapo ndipo walipoona walichokifanya: dumu moja linamwagilia shamba moja, basi. Mashamba ni matatu, na majani yameanza kulala.

"Sharti ni sharti," akasema Sikujua. "Mafuta nimeyaleta mimi. Bila pua yangu mngerudi na dumu tupu."

"Dada, pua ilifungua mlango?" akauliza Chiduo. "Ungenusa pale mpaka jioni na Kasembe angekuletea kiti. Mlango nimeufungua mimi."

Mwegelo akainua vidole vilivyofungwa kitambaa. "Bila hivi, mngekuwa majivu."

Mkwawi alikuwa anapita na jembe begani. "Gawaneni tu, jamani," akasema.

Sikujua akamgeukia kwa ukali. "Tugawane, kila shamba lilowe upande, Lwimbo atufukuze wote watatu? Wewe ulifukuzwa kwa nini?" Mkwawi alilitazama lililokuwa shamba lake, akaenda kuinama.

Chiduo akasema polepole, "Na nani alisema dumu moja?"

Sikujua akahisi uso unamwaka. Alitaka kumpiga kofi, na alijua kwamba anayestahili kofi ni yeye, na hilo likamzidishia hasira. Alikuwa amewataka wawe kitu kimoja. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Redio ya Chiduo ikasema kutoka mfukoni kwamba wakubwa wamekutana mezani, wamezungumza, hawakuelewana. Kila mmoja anasema haki ni yake. Hakuna aliyecheka. Chiduo aliizima, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akaweka mkono wake kwenye kifuniko cha dumu, juu ya mkono wa Sikujua, na Mwegelo akaweka wake uliofungwa kitambaa.

Haya. Msiniambie wagawane, mmesikia jibu la Sikujua. Msiniambie wapige kura, kila mtu atajipigia. Msiniambie waende wakambembeleze Lwimbo, Mkwawi alimpigia magoti. Pua iliyaona mafuta, mdomo uliufungua mlango, mikono iliwatoa hai. Mmoja atavuna. Wawili watampalilia kwa kibarua, kwenye mashamba yaliyokuwa yao. Jua linapanda, na Sikujua hajatoa mkono kwenye kifuniko.

Wewe unayenitazama hivyo, je, ungempa nani? Na ukishampa, wale wawili ungewaamkia vipi kesho asubuhi?