Lulu za Jini Barkashi

Mji wa Kirmazi ulikuwa na kuta nyeupe na bustani za mikomamanga, na mtawala wake alikuwa Sultani Fadhuluni, mtu mwema mwenye ila moja: alipenda kujisifu. Siku ya harusi ya binti yake Lamia alisema mbele ya wageni, "Katika mji huu hakuna kiendacho pasipo amri yangu."

Hapo sakafu ikapasuka na akatoka jini Barkashi, amebeba ukuta wa kioo wenye misumari ya fedha safu juu ya safu, na chini yake vyumba vyembamba vingi, na mkononi ana gunia la lulu. Akamgusa bwana harusi, Harithi, na miguu yake ikawa jiwe mpaka magotini.

"Ee Sultani," akasema, "kila lulu ikigonga msumari huenda kulia au kushoto ipendavyo. Mimi siiamuru, wala wewe. Nitabirieni zitalala wapi. Mkikosea, jiwe litapanda. Nawapa mara tatu."

Waziri akaikodolea macho lulu ya kwanza, akasema, "Itaangukia kushoto." Ikaruka huku na huku, ikalala kulia, na jiwe likafika kiunoni.

"Mheshimiwa Waziri," akasema jini, "hizo ndevu ni za hekima au za kufutia meza?"

Mnajimu naye akapiga ramli juu ya lulu ya pili, akakosea, na jiwe likafika shingoni.

Basi Lamia akashuka kitini. Desturi ya mabinti wa jumba lile ilikuwa kumimina mtama kila Ijumaa kupitia dirisha la kimia, lenye vijiti vilivyopishana, ili njiwa wapate kula uani, naye tangu utotoni alikuwa akilitazama rundo la mtama likiinuka katikati kama kilima kabla njiwa hawajalifikia.

"Lamia, waachie wakubwa," Harithi akanong'ona.

"Nyamaza, bwana wangu. Ukiwa jiwe utanifaa nini, kuanikia nguo?" Kisha akamgeukia jini. "Lulu moja siijui, na hakuna aijuaye ila Mola. Zimimine zote."

Akachovya kidole katika bakuli la hina, akachora juu ya kioo mstari wa kilima, umeinuka katikati na kuteremka taratibu pande zote mbili. "Zitalala hivi," akasema.

Jini akamimina. Lulu za mwanzo zikatawanyika ovyo, moja ikakimbilia pembeni kabisa, na jini akacheka. Lakini zikazidi kushuka kama mvua, kila moja na njia yake, hakuna iliyoifuata nyingine, na kilima kikaota mbele ya macho ya watu, kikapanda, kikajaa mpaka kwenye mstari wa hina, na hapo kikatulia. Wageni wengine wakalia bila kujua wanalia nini.

Jiwe likapukutika, Harithi akavuta pumzi.

Barkashi akainama. "Miaka mingi nimezitazama lulu hizi mojamoja," akasema. "Sikupata kuzitazama zote." Akamwachia Lamia gunia na ukuta, akatoweka.

Harusi ikaendelea, na kwa lulu zile maharusi wakaishi katika neema. Nasi tuliosikia tushike hili: jambo moja laweza kutushinda kulijua, na bado yote yakawa na umbo aliloliweka Muumba. Sultani hakujisifu tena, na kila Ijumaa alikwenda mwenyewe dirishani na kibaba cha mtama, akamimina, akatazama.