Mgongo wa Jumbe Lipande

Mgongo hupona, pamba hailiki. Mmemsikia shangazi yenu akimjibu hivyo diwani aliyekuja asubuhi kutuhimiza tulime pamba, mkacheka, mkadhani ni maneno ya wakulima wavivu. Kaeni chini. Methali hii ilianza hivi, na mwenye mgongo alikuwa babu yangu.

Zama za Wadachi, yaani Wajerumani, kijiji chetu cha Nambunda kililazimishwa kulima pamba. Mbegu zililetwa kwa magunia, na siku za kuihudumia pamba ndizo zile zile za kupalilia mtama. Aliyeshughulikia pamba aliuacha mtama wake ukasongwa na magugu, na watoto wake wakalala njaa. Basi wanawake wakapatana. Mbegu zilichemshwa kwanza, zikaanikwa zikakauka, ndipo zikapandwa kwa mistari iliyonyooka mbele ya askari, tena kwa nyimbo. Haikuota hata moja.

Mdachi hakujua amchape nani, akamchapa jumbe. Jumbe mwenyewe ndiye huyo babu yangu, Lipande, aliyewekwa na serikali asimamie mashamba. Kila msimu alilazwa uwanjani akapigwa viboko, na kila msimu mkewe, Binti Nanguka, alimkanda kwa maji yaliyochemshwa katika chungu kile kile kilichopikia mbegu. Wanakijiji waliinamisha vichwa, kisha wakarudi kwenye mtama wao. Je, ilikuwa haki? Mimi sisemi ilikuwa haki. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Msimu mmoja Binti Nanguka alichoka. Alipanda mbegu mbichi katika shamba la mumewe bila kumwambia mtu. Mvua ikanyesha, pamba ikachipua. Lipande alipoiona alimwita mkewe shambani, maana Mdachi alikuwa njiani, na shamba moja likiota ni ushahidi kwamba ardhi ni nzuri na kijiji kizima kimemlaghai.

"Binti Nanguka, umefanya nini?"

"Nimepanda nilichopewa. Wao wana mtama, mimi nina mgongo wako. Nani kati yao amewahi kuukanda?"

"Hakuna."

"Basi na wao wakalale uwanjani, baba watoto. Safari hii Wadachi watakuua!"

Lipande akainama, akaanza kung'oa miche. "Mgongo hupona," akasema bila kumtazama. "Pamba hailiki. Shika mstari ule."

Bibi alilia, akautukana ukoo mzima wa mumewe, huku aking'oa. Miche wakaifukia, udongo wakausawazisha.

Mdachi alikuta shamba tupu. Lipande alipigwa mpaka askari akachoka, akampokeza mwenzake kiboko. Alipoulizwa kwa nini pamba haioti, alijibu akiwa kifudifudi, "Muulizeni mwenye mbegu." Mwaka uliofuata magunia hayakuletwa. Ilisemekana ardhi ya Nambunda haifai.

Sasa mnataka kujua kama mgongo ulipona. Haukupona. Babu alitembea amepinda hadi anaingia kaburini. Siku ile shambani alijua kwamba anadanganya, na bibi alijua pia, na hata hivyo waling'oa.

Mimi nilimkuta akiwa mzee sana. Mtu akimwonea huruma, aliinua shingo kwa taabu, akamkazia macho na kumuuliza, "Jana ulikula?"

"Nilikula, Jumbe."

"Basi nyamaza. Mgongo hupona, pamba hailiki."