Honi Iliyomeza Neno

Ndugu zangu, tegeni sikio niwape habari za mzee mmoja wa milimani, aliyeitwa Mbonea. Alikuwa mzee wa kanisa, na kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kutunza kipaza sauti. Mnavijua vile vya bati vyenye mdomo mpana kama tarumbeta, ambavyo watu huviita honi. Chao kilifungwa juu ya mnara, kikatazama bondeni, ng'ambo ya mto, walikoishi nusu nzima ya washarika. Kwa honi ile watu waliitwa ibadani, walitangaziwa misiba, na masika yakizidi walionywa. Maana juu ya kijiji palikuwa na ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, na kingo zake zikikatika, maji yote hushukia mtoni.

Masika ya mwaka mmoja kingo zikakatika. Mbonea akakimbilia kanisani, akashika maiki, akatangaza kwa nguvu zake zote: "Ndugu zetu wa bondeni, msivuke mto."

Saa ile ile mkulima mmoja wa bondeni, jina lake Mrindoko, akawaingiza ng'ombe wake majini. Wote wakachukuliwa. Yeye mwenyewe alinaswa kwenye mizizi ya mti, akatolewa hoi, pumzi ikiwa imebaki kidogo. Alipopata nguvu ya kusema, alisema neno lililolipasua kanisa: "Sikuvuka kwa akili yangu. Kanisa lilituambia tuvuke."

Fikirini mambo hayo. Watu wa juu waliapa kwamba Mbonea alisema "msivuke", maana walikuwapo, walisikia. Watu wa chini nao waliapa kwamba walisikia "mvuke", tena si mmoja wala wawili. Wa juu wakawaita wa chini waongo, wa chini wakawaita wa juu wauaji. Tangu siku hiyo honi ikilia, mtu wa bondeni anainamia jembe lake kama hajasikia kitu. Nao wazee wa kanisa wakakaa kikao, wakakata shauri kwamba dawa ni kutafuta amplifaya kubwa zaidi, itakayowaamsha hata viziwi. Sasa niwaulize: mtu asiyekuelewa, ukimpigia kelele zaidi, ndipo atakuelewa?

Mbonea ndiye aliyekuwa na moyo mzito kuliko wote. Alijua alichokitamka. Lakini pia alimjua Mrindoko tangu akiwa mtoto, na hakuwahi kumwona akisema uongo. Jambo hilo likamtafuna, hata siku moja akamwomba mkewe, Naelijwa, apande kanisani asome kwenye maiki maneno ya kawaida tu: mje, msije, mlale, msilale. Yeye akashuka mlima, akavuka mto, akaenda kusimama uwanjani kwa Mrindoko mwenyewe.

Sauti ilipotoka juu, mzee wa watu alitega sikio. Sauti ilifika, tena kubwa. Maneno ndiyo hayakufika. Bati la honi lilikuwa linalia lenyewe kama sufuria iliyogongwa, mwangwi unagonga jabali na kurudi, na ule mlio mwembamba wa "si" unapotelea humo humo. Naelijwa akisema "msilale", yeye mumewe, aliyelala naye nyumba moja miaka yote, alisikia "mlale".

Mrindoko alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Mbonea akamwendea, akamwambia, "Mwanangu, hukusema uongo. Nami sikusema uongo. Kosa langu ni kwamba sikushuka huku kusikiliza."

Mrindoko akampa kisogo. Aliingia ndani, na hata kigoda hakumtolea.

Basi mzee akarudi, akaishusha honi kutoka mnarani. Wenzake wakamuuliza ana nini, wakati mpango wa amplifaya unaendelea. Akawaambia amplifaya hiyo itaongeza ukubwa wa kosa tu. Alipoifungua, alikuta nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya koo lake, akaukwangua wote. Akakuta pale honi inapoungana na kile kikombe kinachotoa sauti, pana mwanya, pumzi ya sauti inavujia hapo. Akakata ndala kuukuu, akatengeneza mpira wa kuziba, akakaza. Kisha akachukua tyubu za baiskeli zilizochakaa, akazikata vipande virefu na kulifunga bati lote kwa nje, safu juu ya safu, kama mtu anavyofunga mguu uliovunjika. Ukiligonga sasa halilii tena. Linasema "du", basi. Mwisho akairudisha juu na kuinamisha mdomo wake kidogo, uwatazame watu badala ya jabali.

Na je, ilipona? Haikupona. Alikuwa ameshindilia sponji kooni akidhani italainisha sauti, na aliposhuka kusikiliza, ilikuwa kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Wenzake wakacheka. Akapanda, akaitoa sponji. Akashuka tena. Kila aliposhuka alisimama kando ya mto, upande wa bondeni, na shuka jeupe mkononi: akisikia katazo anainua, asiposikia anaacha, na mkewe kule juu anaona kama neno limefika au limepotea njiani. Watoto wa bondeni walidhani mzee amerukwa na akili.

Siku moja akiwa pale mtoni, amelishusha shuka lake, sauti ikasema nyuma yake: "Inua, mzee. Amesema msilime."

Alikuwa Mrindoko.

Mbonea akageuka, akamwambia kwamba yeye alisikia "mlime". Mrindoko akatikisa kichwa. Akasema masikio ya mzee yamezeeka, na kama shida ni masikio, bondeni yapo mengi. Akalichukua lile shuka mwenyewe. Kuanzia hapo kazi ikawa yao wote. Watu wa bondeni waliokuwa hawataki kuisikia honi wakawa wanakuja kusimama mtoni kuisikiliza, wakimwambia mzee hapa bado inakwaruza, hapa imekaa sawa, hapa mwambie mama apunguze. Ndiyo, apunguze! Maana waligundua kwamba kadiri amplifaya ilivyofunguliwa kidogo ndivyo maneno yalivyokuwa safi.

Sasa sikilizeni. Masika yalirudi. Mbonea alialikwa chakula kwa Mrindoko, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule. Walikula makande, wakazungumza, na alasiri mzee akaaga. Mrindoko akamsindikiza hadi mtoni pamoja na akina mama waliokuwa wakipeleka ndizi juu. Mto ulikuwa mtulivu, mawe ya kuvukia yanaonekana. Mzee akavua viatu, akavishika mkononi, akatia mguu majini.

Hapo honi ikasema. Haikupiga kelele. Ilikuwa sauti ya Naelijwa, tulivu, kama anayeongea na mtu jikoni kwake: "Ndiva imekatika. Msivuke. Nasema, msivuke."

Mzee Mbonea alisimama maji yakiwa kwenye vifundo vyake. Anasema mwenyewe kwamba kwa kitambo kidogo hakuelewa anaambiwa nani. Siku zote alipotega sikio mahali pale alikuwa akiwasikilizia wengine. Kisha akafahamu. Akaurudisha mguu, Mrindoko akamvuta kwa mkono, akina mama wakatupa vikapu, na wote wakakimbilia mwinuko. Wakatazama nyuma. Maji yalikuja mekundu, yamebeba magogo na mawe, yakapita juu ya yale mawe ya kuvukia kana kwamba hayakuwahi kuwapo.

Hakuchukuliwa mtu. Hakuchukuliwa hata mbuzi. Juu kule Naelijwa, aliyejua mumewe yuko ng'ambo, alisimama dirishani mwa mnara, maiki mkononi, amekaza macho mtoni, mpaka alipoona bondeni shuka jeupe limeinuliwa. Kisha la pili likainuka. Kisha kanga, mashati, vitambaa vya kichwa, ukingo mzima wa mto ukawa unapepea. Watu wa bondeni wakaanza kuimba, watu wa juu wakatoka majumbani wakaitikia, na mto ulionguruma katikati haukuweza kuwanyamazisha. Jumapili, maji yalipopungua, watu wa bondeni wote walipanda. Kanisa halikutosha. Wengine walisali nje, chini ya honi yenyewe iliyofungwa matyubu, mbaya kuitazama, na hakuna aliyetaka ibadilishwe.

Ndugu zangu, kitu kinachonishika katika habari hii ni ule mguu majini. Mzee yule alidhani anawatengenezea wengine. Kumbe siku ya hatari mtu wa kwanza kuhitaji neno lile lifike safi alikuwa yeye! Nasi je? Tunasema watoto hawasikii, vijana hawasikii, jirani ana kiburi, mke ana kichwa kigumu. Tunaongeza sauti. Ni nani kati yetu aliyewahi kushuka, akavuka, akasimama pale anaposimama mwenzake, asikie jinsi maneno yake mwenyewe yanavyofika? Pengine wewe unasema "nakupenda", na kule yanafika matusi. Pengine unasema "rudi", na mwanao anasikia "toka". Wewe huongopi. Naye haongopi. Katikati yenu kuna bati linalolia.

Nami nawaambia, linatengenezeka. Si kwa siku moja, na mara ya kwanza utakosea, watakucheka. Lakini Mungu wetu hakutupigia kelele kutoka juu. Alishuka, akakaa kwetu, akasikia kwa masikio yetu. Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujavua hata viatu, muulize mmoja tu wa watu wako: "Ninaposema nawe, huwa unasikia nini?" Akianza kukujibu, usijitetee. Kaa chini, umsikilize mpaka amalize.