Bingwa Aliyelowesha Kona

Hii nimetumiwa asubuhi, nami sikutaka iishie mkononi mwangu.

Zamani, katika mji wa Ilondo, wakulima walipoleta ng'ombe kwenye uwanja wa maonyesho, waliwazungusha mbele ya watazamaji mpaka kwato zikachimba njia ya mviringo. Vijana wakaanza kushindana humo kwa baiskeli. Zilipokuja pikipiki njia ikapanuliwa, na watu wakawa wanakuja kwa ajili ya mbio, ng'ombe wakawatazama wakipita tu.

Palikuwa na desturi moja. Bingwa wa mwaka jana ndiye anayeandaa njia mwaka huu. Anaburuta gogo kwa mnyororo kusawazisha udongo, kisha anamwaga maji kutuliza vumbi. Washindani wenzake huja kuikagua asubuhi ya mashindano.

Asukile alikuwa bingwa, na ubingwa aliupenda kupita kiasi. Hata sokoni alitembea kama anayepigiwa makofi. Lakini mwaka huo alikosa raha, maana kijana Ambakisye alikuwa anakuja juu, na kila mtu alijua hupenda kuwapita wenzake kwa nje kwenye kona ya mwisho. Basi Asukile akailowesha kona hiyo upande wa nje mpaka ikawa tope, akatandaza udongo mkavu juu. Upande wa ndani, atakaopita yeye, akauacha mgumu.

Waliokagua hawakuona kitu. Walipojipanga mstarini, Asukile akajikaza kumuuliza mpinzani wake ameionaje njia.

"Sijaikagua, kaka," Ambakisye akasema. "Nilisikia umeiandaa wewe, nikalala mpaka jua likatoka."

Asukile aliona aibu, ile inayopanda mpaka masikioni. Akazima pikipiki, akavua kofia, akamwomba mzee wa bendera, aliyekuwa akianzisha mbio, asubiri. Kisha akaeleza mbele ya umati alichokifanya. Walimzomea, na walikuwa na haki. Akachukua koleo akaenda kuzoa tope peke yake, na akashangaa kujikuta anapumua vizuri kuliko wiki nzima iliyopita.

Mbio zikaanza. Kwenye kona ile ile Ambakisye akampita kwa nje, akashinda.

Jioni mzee wa bendera akamkabidhi mshindi gogo na mnyororo wake, kama ilivyo desturi. Ambakisye akauburuta mnyororo mpaka miguuni pa Asukile.

"Mwakani uandae wewe tena, kaka."

Wazee wakamuuliza kama ana akili timamu.

"Mimi nikijaribiwa sijui nitafanya nini," akawajibu. "Huyu amejaribiwa, na sote tumemwona."

Asukile alirudi nyumbani bila kikombe cha ushindi, akala chakula chote alichowekewa, akaomba na kingine.

Funzo: Sema kosa lako kabla halijamuumiza mtu, hata kama kwa kulisema utashindwa. Ushindi hupita, lakini aliyeonekana akisema kweli huaminiwa kuliko zamani.