Mwaka Lisiate Alipokataa Viazi Vikuu

Shamba la Lisiate lilikuwa juu ya kilima, nyuma ya kijiji chetu cha Haukava, kisiwani, na hakuna aliyepita njia ile asilitamani. Matuta yake yalipangwa kwa mkono usio na pupa, na viazi vikuu alivyovichimba humo ndivyo vilivyotangulia kanisani kila sikukuu ya malimbuko. Mwenyewe alikuwa pande la mtu, kifua kipana, tumbo limemtangulia. Alikuwa na kisukari. Baba yake naye alikuwa nacho, akakatwa mguu, akaimaliza miaka yake ya mwisho kibarazani akitazama wenzake wakienda mashambani. Lisiate aliapa kwamba yeye atazikwa na miguu yake yote miwili.

Mwaka ule kanisa lilikuwa likijiandaa kwa jubilei, na Lisiate alichaguliwa kusimama katikati ya mstari wa mbele katika lakalaka, ngoma ambayo kijiji kizima husimama na kuicheza pamoja. Pale katikati hapawekwi mtu ovyo. Akatamani asimame akiwa mwepesi. Fusi, muuguzi wa zahanati yetu, alimpangia utaratibu: viazi vikuu nusu ya alivyozoea, mboga za majani kwa wingi, chai bila sukari, mbavu za kondoo zenye mafuta aziage, na shambani aende kwa miguu. Vidonge vyake asivimeze bila kula, na akitaka kubadilisha chakula aje kwanza azungumze naye. Melenaite, mke wa Lisiate, aliketi pale pale akasikia yote. Uzito ukaanza kushuka, ila kwa mwendo wa kobe, na Lisiate hakujaliwa subira.

Ndipo dada yake mkubwa, Seini, aliporudi kutoka ng'ambo, mjini Auckland. Alikuwa ameondoka na mwili wa kujaza mlango. Alirudi gauni linampwaya, na kijiji kizima kikashika mdomo. Siri yake, alisema, ni moja tu: wanga ni sumu. Alikuwa amemsikiliza kijana mmoja kwenye video za simu, kijana mwenye misuli mingi na maneno mengi zaidi, ambaye wala si daktari. Kijana huyo alifundisha kwamba mtu akiacha viazi, mkate na kila chenye wanga, anaweza kula nyama na mafuta mpaka achoke, na mwili utapungua wenyewe.

Kwetu dada wa mume si mtu wa kupingwa. Kaka humheshimu hata hathubutu kufanya mzaha mbele yake, na mke wa kaka huwa chini zaidi. Kwa hiyo Seini hakumwendea Lisiate. Alimwendea Melenaite jikoni, akafunua sufuria, akatikisa kichwa.

"Wifi, unamlisha mume au unanenepesha nguruwe wa harusi?"

"Muuguzi ameruhusu nusu, wifi," Melenaite alijibu polepole.

"Fusi? Yule anayepita mlangoni ubavuubavu? Angejua kupunguza watu, si angeanza na yeye mwenyewe."

Wanawake waliokuwapo walicheka. Melenaite naye akacheka, maana anayecheka na wenzake haitwi mbishi. Moyoni hakuwa na kicheko. Alitaka kuuliza habari ya vidonge, lakini akaifunika sufuria, akaendelea na kazi.

Tangu siku hiyo viazi vikuu, majimbi na mkate vilipigwa marufuku nyumbani kwa Lisiate. Mahali pake pakaja mbavu za kondoo na nyama ya kopo, asubuhi na jioni, mafuta yakichuruzika mpaka viwikoni. Kilo zilishuka haraka mno. Suruali ikaanza kumvuka, watu wakamsifu njiani, naye akalewa sifa kama mtu aliyekunywa kileo kwa mara ya kwanza. Msimu wa kupanda ulipofika, alimwuliza mkewe kwa nini apande asichokula. Mbegu za viazi vikuu, zile alizoachiwa na baba yake, akawatupia nguruwe. Habari hiyo ilituuma wengi, ingawa hakuna aliyemwendea kumwambia.

Kisha mitetemo ikaanza. Katika mazoezi ya ngoma jasho la baridi lilimtoka, mikono ikamtetemeka, na mara nyingine alisahau hatua alizozijua tangu ujanani. Melenaite alijipa moyo, akamweleza wifi yake.

"Hayo ni mafuta yanaungua," Seini alisema. "Na mimi nilitetemeka hivyo hivyo. Wewe tulia, mwache mwili ufanye kazi yake."

Hakusema uongo, alitetemeka kweli wiki zake za mwanzo. Lakini Seini hakuwa na kisukari, wala hakuwa akimeza vidonge vya kushusha sukari. Melenaite aliijua tofauti hiyo. Aliijua pia njia ya zahanati, nayo haikuwa ndefu. Hakwenda, kwa sababu kwenda kungekuwa kumwambia dada wa mumewe, mbele ya kijiji kizima, kwamba hajui asemalo. Akaona heri alinde heshima.

Jumapili moja, kabla ya ibada, Lisiate alimeza vidonge vyake, hakula kitu, akaenda uani kupanga mawe ya moto katika tanuri la shimoni la kuokea chakula. Melenaite alisikia kishindo. Alipotoka alimkuta mumewe ameanguka, macho yako wazi lakini hayamtambui mtu, na mguu wa kulia umo katikati ya mawe. Alimvuta kwa nguvu ambazo hakujua kuwa anazo, huku akiita majirani.

Zahanatini, Fusi alimtia sukari kwa njia ya mshipa, na Lisiate akarejewa na fahamu. Muuguzi hakugomba. Aliuliza tu, "Melenaite, kwa nini hukuja?" Swali hilo lilimchoma kuliko tusi lolote.

Hospitalini daktari aliwaeleza wote. Kupunguza wanga si kosa, alisema, na wako wanaofaidika; ila kwa mtu wa vidonge vile, dawa nayo hupimwa upya, vinginevyo sukari huanguka na mtu huanguka nayo. Tena kilo zile za mwanzo zilizomfurahisha, sehemu kubwa ilikuwa maji. Wakati huo jeraha la moto mguuni lilikuwa limekwisha kugoma kupona. Walisubiri, walisafisha, waliomba. Mwishowe mguu ukakatwa chini ya goti.

Siku ya jubilei ilifika ikiwa na jua zuri. Safu zilipangwa uwanjani, na katikati ya mstari wa mbele alisimama mtu mwingine. Lisiate aliwekwa kwenye kiti nyuma, pamoja na waimbaji. Aliimba kila ubeti, na machozi yalimtiririka bila ya yeye kuyapangusa. Hatukujua tutazame wapi.

Ngoma ilipokwisha, Seini alipita katikati ya watu, akaketi chini mbele ya kiti cha kaka yake. Katika kisiwa chetu dada haketi chini ya kaka yake, na wengi wetu tulikuwa hatujapata kuliona jambo hilo.

"Dada, inuka," Lisiate alisema. "Watu wanatazama."

"Waache watazame. Nilikuja na maneno ya mtu nisiyemjua, nikayaweka juu ya mguu wako. Nisamehe, mdogo wangu."

Melenaite, aliyesimama nyuma ya kiti, alishindwa kujizuia. Alisema kwamba kama ni kosa, basi lake ni kubwa zaidi, kwa kuwa wifi yake hakujua, naye alijua akanyamaza. Lisiate aliunyosha mkono nyuma, akaushika wa mkewe. Alikitazama kilima cha shamba lake, kilichoota magugu.

"Wewe dada ulinipa ulichokuwa nacho," alisema. "Mimi nilikuwa na changu. Nilikuwa na shamba, na muuguzi, na miguu ya kunipeleka kote kuwili. Nikavitupa vyote kwa kitu kilichokuwa kinapita."

Ndivyo walivyosema wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.