Mbodze Aliyeifungulia Ngao Pumzi

Kabla babu zetu hawajaujua udongo, walipokuwa wakizaliwa na kufa angani ndani ya merikebu iliyoitwa Ngao, aliishi Mbodze binti Chengo wa ukoo wa Ruwa, Mbodze Mziba Nyufa, mwanamke wa mabega mapana ambaye sisi sote tulioketi hapa, hata wewe unayesinzia huko nyuma, tunajiita uzao wake.

Ngao ilikuwa na sakafu tisa. Pumzi ilitoka bustani ya juu, ikawapitia waungwana kwanza, kisha ikashuka sakafu kwa sakafu, hata ikifika ya tisa ilikuwa imechoka kama maji yaliyokwisha kuoshewa vyombo. Waliokaa huko waliitwa Watu wa Mabaki. Ndio waliofua chuma, ndio waliojaza mizinga katika vita na Warunga wa Nyota Nyekundu, na ndio waliozika watoto wengi kuliko wote. Mbodze alikuwa amezika wawili. Alibakiwa na Kadzo, binti wa miaka sita, ambaye kifua chake kilikoroma kutwa kucha, na mama yake alikuwa radhi kwa lolote ili kifua hicho kitulie.

Siku moja Warunga wakalitoboa paa la bustani, pumzi ikatoroka. Waungwana wakaanguka juu ya mazulia yao, wakafuata wa sakafu ya pili, wa tatu, mpaka wa nane, maana hawakuwahi kupungukiwa. Watu wa Mabaki peke yao walibaki wima, kwa kuwa shida ile waliizoea tangu kuzaliwa.

Sheria ilisema mtu wa chini akikanyaga ngazi hutupwa nje angani. Mbodze akajitwika mtungi wa kuchomelea, akavuta pumzi moja, akapanda ngazi zote nane kwa pumzi hiyohiyo, akiwaruka mabwana waliolala vinywa wazi. Na nisiwafiche, aliwahurumia. Juu alitafuta bamba la kuziba tundu asilione, akaona tu kiti cha enzi cha Jumbe Shekuwe, mtawala wa Ngao. Akaking'oa, akakichomelea paani miguu juu. Warunga, wakidhani merikebu imekufa, wakasogea kuteka nyara, naye akawaacha wakaribie, ndipo akawaamuru wenzake wa chini waifyatue mizinga yote kwa pamoja. Vita vya miaka arobaini vikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Jumbe alipozinduka hakukasirika. Alikuwa mzee mpole, na kuzaliwa juu hakukuchagua yeye.

"Binti Chengo," alisema, "sheria inataka ufe, nami nakataa. Njoo ukae huku juu, wewe na mwanao. Kifua chake kitapona."

Hapakuwa na kitu duniani wala mbinguni ambacho Mbodze alikitaka zaidi ya hicho. Lakini kule chini walikuwako watoto mia tatu, na mama zao aliwajua kwa majina.

"Mwinyi, nikimpandisha huyu mmoja, wenzangu nitawatazamaje usoni? Zifungue njia za pumzi, sakafu zote zipate sawa."

Jumbe akatokwa na machozi. "Komeo lake mababu waliliweka nje ya merikebu, makusudi, ili mwenye huruma asilifikie. Vazi la nje lina pumzi ya kwenda, ya kurudi halina. Niache niende mimi, nimekwisha kula chumvi nyingi."

"Mikono yako haijapata kushika nyundo, baba. Wewe nilelee Kadzo."

Akashuka kumbusu mtoto aliyelala, akatoka. Watu wakasikia nyundo ikigonga mara saba, kisha kimya, na upepo mtamu ukaanza kuteremka. Kadzo akageuka kitandani, kifua chake hakikoromi tena. Mbodze hakuonekana tangu siku hiyo. Jumbe alihamia sakafu ya tisa, akamlea yule binti mpaka mzee mwenyewe alipofariki dunia.

Miaka ikapita. Ngao ilipotua kwenye nchi hii, ambako pumzi haina mlango wala mwenyewe, Kadzo alikuwa ajuza. Wakamtanguliza yeye. Akasimama nje, akavuta pumzi ndefu, akainua uso angani, akasema, "Mama, inatutosha sote." Ndiyo maana mpaka leo mtoto wa kwetu akizaliwa na kulia mara ya kwanza, hatumpi jina wala hatupigi vigelegele mpaka mkunga amwinue juu na kumwambia Mbodze kule angani maneno hayo.