Hindi la Madoa la Kissa

Sogeeni hapa, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Kissa alikuwa na watoto watatu: Tusekile mwenye moyo mgumu, Ambwene mwenye mkono wa kulima, na Sekela aliyesomea kilimo.

Kissa alirithi kwa mama yake mbegu ya mahindi ya zambarau. Mwaka mmoja alipomenya, loo! Punje nyingine zilikuwa nyeupe zenye madoa ya zambarau. Majirani wakasema ameyaroga. Wakaacha kumwamkia, hata msibani, chakula alichopika hakikuguswa. Mumewe akayatia moto mahindi yote.

Tusekile akachomoa moja motoni, kiganja kikaungua. Akalitundika kwenye moshi juu ya jiko.

"Watakucheka, mwanangu," mama alilia.

"Wacheke, mama."

Ambwene akazipanda punje za hindi hilo mbali na mashamba ya watu, mwaka hadi mwaka. Uchumba wake ukavunjika kwa ajili hiyo. Hakuacha.

Sekela akazichunguza punje chuoni, akarudi, akasimama mbele ya kijiji. "Ndani ya vinasaba vya mahindi kuna kipande kinachohamahama," alisema. "Kikiingia penye kazi ya rangi, rangi inazimika, punje inakuwa nyeupe. Kikitoka punje ikiwa bado changa, rangi inarudi hapo, ndiyo madoa. Mama yangu hakuroga mtu!"

Wazee wakaenda kumwomba Kissa radhi. Walimkuta kitandani, hajiwezi.

"Nimewasikia," alisema. "Ila mmechelewa, jamani."

Kisha akawaambia wanawe, "Mbegu yangu itundikwe jikoni kwa aliyenirudishia jina." Hakumtaja. Alfajiri akafariki.

Mvua ilikuwa imegoma mwaka ule, na katika shamba la Ambwene likabaki hindi moja tu la madoa. Na kwao mbegu ya marehemu haipukuchuliwi ikagawanywa. Hukaa jiko moja.

Tusekile alilishika kwa kiganja chenye kovu, machozi yakimtoka. Alilitaka, Mungu anajua alivyolitaka. Lakini bila Ambwene mbegu ingezeeka juu ya jiko isiote tena. Bila Sekela mama angezikwa mchawi. Na bila yeye mwenyewe mbegu ingekuwa majivu. Akawatazama wenzake, nao walikuwa wakilitazama hindi.

Kesho matanga yanaanuliwa, na hindi lazima lipate jiko. Haya, msinikodolee macho mimi. Wewe uliyekaa hapo, lingekuwa mkononi mwako, ungelipeleka jikoni kwa nani?